Safari ya Natron: kutoka jikoni Tabata mpaka kwenye ukoko wa magadi

Hii safari imeanzia kwenye sufuria ya maharage. Mama yangu yuko Tabata, akipika maharage makavu lazima adondoshe kipande kidogo cha magadi yaive haraka, mkaa wenyewe bei juu, siku moja nikamuuliza hivi mama haya magadi yanatoka wapi, akanijibu Kariakoo mwanangu, huko kwingine nitajuaje. Nikabaki na kile kipande mkononi, cheupe chenye ukijivu, kinawasha kidogo kwenye kidole chenye mkwaruzo. Wiki hiyohiyo kwenye grupu letu mtu akatuma zile picha zilizozunguka sana mtandaoni tangu 2013, ndege wamekauka kama mawe wamesimama juu ya tawi, chini pameandikwa kuna ziwa Tanzania ukiligusa tu unageuka jiwe. Iliniuma sana. Ziwa lenyewe ni Natron, ni letu, liko Arusha, na watu wa Dar tunalijua kwa uongo. Nikamwambia mdogo wangu twende tukaone, wakaongezeka marafiki wawili wa Kimara, tukawa wanne, tukapanga Oktoba kabla ya mvua za vuli.

Siku ya kwanza, Dar mpaka Arusha

Tumetoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 12 asubuhi. Njia wengi mnaijua: Chalinze, Segera, mashamba ya mkonge, chipsi za Mombo, halafu Milima ya Upare kulia kwako muda mrefu mpaka unachoka kuiangalia. Arusha tumefika jioni, baridi, tumelala. Kuanzia Same nilikuwa naangalia ardhi inavyobadilika, kijani cha pwani kinapotea, vumbi linaanza, na nikawa nawaza kwamba mvua yetu ya Dar inakimbilia baharini kupitia mito ya Msimbazi na Mzinga, ila huku tunakoenda maji yana safari ya aina nyingine kabisa. Nitaieleza nikifika kwenyewe.

Siku ya pili, Arusha mpaka Engaresero

Tulikodi Land Cruiser na dereva, mtu mzima, tunamwita mzee. Lami mpaka Makuyuni, ukakata kulia mpaka Mto wa Mbu, pale ndizi nyekundu na maji ya mwisho ya dukani, halafu unaacha lami unaelekea kaskazini. Kushoto kwako unatembea na ukuta wa Bonde la Ufa, ukuta kwelikweli, mrefu, haukuachi. Tulisimama Engaruka kidogo, kuna mabaki ya mashamba ya ngazi za mawe na mifereji ya wakulima wa zamani, karne ya 15 mpaka ya 18 hivi, yani watu walilima hapa kwa umwagiliaji kwenye ukame huu huu. Nilitamani kukaa zaidi ila mzee alisema kuna pancha mbele inatusubiri, na kweli tulipata mbili.

Baada ya Engaruka ndiyo unaanza kuona Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, mita 2,962, umesimama peke yake kama pia iliyopinduliwa. Huu mlima ndiyo ufunguo wa ziwa zima kwahiyo nisiupite haraka. Volkano nyingine zinatoa uji wa mawe mwekundu wenye moto mkali, ila Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu, inatoka ikiwa na nyuzijoto 500 hadi 600 tu hivi, nyeusi, nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya gari, halafu ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Ukiona weupe kileleni ukadhani ni theluji kama ya Kilimanjaro, siyo, ni magadi. Mlima unatapika magadi! Mara ya mwisho kulipuka kwa nguvu ni 2007 mpaka 2008, baada ya mfululizo wa matetemeko ya ardhi Julai 2007, na majivu yalitua kwenye malisho ya watu.

Tumefika kijiji cha Engaresero saa 10 jioni, joto kama umefungua oveni. Mwenyeji wetu, kijana wa Kimaasai wa hapohapo, akatuambia leo msiende ziwani, jioni upepo unarusha vumbi la magadi, macho yatawawasha. Tukalala kwenye mahema chini ya migunga. Usiku wa manane nikasikia sauti juu angani, kama bata wengi wanaongea kwa mbali, nikamwamsha mdogo wangu. Asubuhi kijana akasema hao ndiyo heroe, wale ndege wengi wetu tunawaita flamingo, wanasafiri usiku.

Siku ya tatu, ziwani

Hii siku nitaiandika ndefu, mnisamehe.

Tumetoka saa 11 na nusu alfajiri kwa miguu kutoka tulipoacha gari. Kwanza nyasi ngumu fupi za chumvi, halafu tope lililokauka likapasuka vipande kama sahani, halafu ukoko. Natumia neno ukoko makusudi, maana ni kama ukoko wa wali, juu umekauka unabeba mguu, chini kuna uji. Mweupe, sehemu nyingine pinki, sehemu nyingine rangi ya chungwa, na mbele huko maji mekundu ya tofali. Kijana akasema kanyagieni nilipokanyaga mimi, na hakuwa anatania, hili tope linachuna ngozi. Miaka ya 1950 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kutembea kwenye hili tope kufuata viota, magadi yakaingia kwenye buti zake na miguu ikaungua vibaya mpaka ikabidi atibiwe hospitali.

Sasa kwanini liko hivi. Ziwa lina urefu kama kilomita 57 na upana kama 22, ila kina chake hakifiki hata mita 3, yani ni sinia. Liko chini kabisa ya bonde, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na limezungukwa: magharibi ukuta wa Bonde la Ufa, kusini Lengai, kusini mashariki Mlima Gelai. Maji yanaingia, hayana pa kutokea. Mto mkubwa ni Ewaso Ng'iro wa kusini unaotoka Kenya upande wa milima ya Mau, kuna vijito kama Peninj na huu wa Engaresero, na kuna chemchemi za moto pembeni. Njia pekee ya maji kuondoka ni kupanda juu kuwa mvuke. Jua linachukua maji linaacha chumvi, kesho tena hivyohivyo, maelfu ya miaka.

Wale wa Tabata, Kimara, Ubungo wenye visima vya maji ya chumvi mnajua ule utando mweupe unaobaki kwenye birika. Ziwa Natron ni birika hilo lisiloisha kuchemka. Tofauti ni kwamba hapa siyo chumvi ya mezani iliyotawala, ni kabonati na baikabonati ya sodiamu, kwasababu mawe na majivu ya hizi volkano yamejaa sodiamu, mvua inayayeyusha, chokaa inaganda na kutulia mapema njiani, sodiamu inaendelea na safari mpaka ziwani. Ndiyo magadi. Maji ya bahari pale Kigamboni pH yake, yani kipimo cha asidi na alkali, ni 8 na kidogo, hapa inaanzia 9 na inavuka 10, na hicho kipimo kila namba moja ni mara kumi, kwahiyo usione ni tofauti ndogo.

Na zile picha za ndege wa mawe? Hakuna mnyama anayegeuka jiwe. Ndege au popo akifia majini, magadi yanamkausha na kumpaka utando, haozi haraka, ni kama samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Mizoga iliokotwa ufukweni, ikawekwa kwenye matawi kama iko hai, ikapigwa picha. Nilisimama palepale nikaona mfupa mmoja mdogo wa ndege umevaa magadi, mweupe safi, na meta mia mbili mbele yake ndege hai wasiohesabika wanakula kifungua kinywa.

Maana ndiyo hivyo, walikuwepo. Mwanzo nilidhani ni mstari wa povu. Jua lilipotoka mstari ukawa wa waridi, halafu ukaanza kutembea. Heroe, na wengi hapa ni heroe mdogo, mdomo mwekundu mweusi kwa mbali, wapo pia wale wakubwa weupe wachache. Wote wameinamisha shingo, kichwa kimepinduka juu chini ndani ya maji, ulimi unafanya kazi ya pampu, maji yanaingia yanatoka, na ndani ya mdomo kuna vichujio vyembamba kuliko chujio lolote la chai, vinakamata chakula. Chakula chenyewe ni spirulina, kiumbe mdogo sana wa kijani anayeishi kwa jua na haya maji makali, huwezi kumwona kwa jicho ila akiwa wengi maji yanakuwa kama supu ya mchicha. Rangi ya waridi kwenye manyoya inatoka humo, kwenye karotenoidi, yani rangi za asili zilizomo kwenye chakula chao. Ule wekundu wa maji ni viumbe wengine wadogo wapenda chumvi, kadiri maji yanavyokauka na chumvi kuzidi ndivyo wanavyoshamiri, kwahiyo ziwa linakuwa jekundu zaidi kiangazi.

Nikamuuliza kijana viota viko wapi, akanyoosha mkono katikati ya ziwa, kwenye mtetemo wa joto, hakuna kitu unachoona. Ndiyo maana yake. Viota viko huko kwenye visiwa vya ukoko ambako fisi hafiki, mbweha hafiki, mimi na wewe hatufiki. Heroe anajenga kichuguu cha tope, anataga yai moja tu juu yake, na ule urefu wa kichuguu unalinda yai na joto la ukoko chini. Siku kama 28 linaanguliwa. Afrika Mashariki heroe wadogo wanakadiriwa milioni 1.5 hadi 2.5, unawaona kwenye maziwa ya Nakuru, Bogoria, Manyara, Momella, watalii wanawapiga picha huko, ila kuzaa kwa uhakika wanazaa hapa. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima wameanguliwa Natron. Hapa! Kwenye ziwa tunaloambiwa ni la mauti. Niliishiwa maneno, nilikaa chini kwenye tope kavu nikawa naangalia tu.

Lakini siyo kila mwaka wanafanikiwa, na hapa ndipo nilipoelewa kwamba kitu cha kuchunga siyo ndege, ni kimo cha maji. Maji yakizidi visiwa vinazama na mayai yanaondoka. Yakipungua sana ukoko unaunganika na ufukwe, fisi anatembea mpaka kiotani. Magadi yakikolea kupita kiasi yanaganda kwenye miguu ya kifaranga kama pingu, hawezi kutembea. Mwaka 1962 Natron ilijaa, heroe wakahamia kuzaa Ziwa Magadi kule Kenya, na watu wakaingia kuvunja hizo pingu za maelfu ya vifaranga kwa mikono na nyundo ndogo. Yani sentimita chache za maji ndizo zinaamua kizazi.

Saa 4 joto lilitutoa. Kurudi tulipita pale kijito cha Engaresero kinapoingia ziwani, maji yasiyo na chumvi yanatandaza juu ya tope, na heroe wamejazana pale kunywa na kuoga, manyoya yanarushwa juu, kelele. Hiki kijito kinashuka kutoka kwenye ukuta, kuna maporomoko mazuri korongoni, kijiji kinakunywa, ng'ombe wanakunywa, vishamba vinamwagiliwa, na kinachobaki ndiyo hicho cha ndege.

Siku ya nne, perege na nyayo

Wale wawili wa Kimara walipanda Lengai saa 6 usiku, wamerudi saa 5 asubuhi magoti yanatetemeka, wamefurahi, ya kwao wataandika wenyewe. Mimi na mdogo wangu tulienda chemchemi.

Maji yanatoka chini ya jiwe ya moto, unagusa unatoa kidole. Hatua kadhaa mbele yamepoa yakawa vuguvugu, na humo nikaona vivuli vinakimbia. Samaki. Perege wadogo kama kidole, wanakwangua mwani kwenye mawe. Natron ina aina 3 za hawa perege wa magadi na hawapo kwingine ila bonde hili la Natron na Magadi, maana zamani yalikuwa ziwa moja kubwa, lilivyokauka likagawanyika, na samaki wakabaki kila kundi kwenye vidimbwi vyake. Samaki wa kawaida anatoa uchafu wa amonia kupitia mashavuni, kwenye maji ya alkali kali amonia inakataa kutoka, inarudi kumuua. Perege wa Ziwa Magadi, ndugu wa hawa, anageuza uchafu wake kuwa urea, kama sisi tunavyofanya kwenye mkojo. Nimesoma hiyo nikiwa Dar nikaona ni maneno ya kitabuni, ila ukiona kidude kile kinacheza kwenye maji yanayowasha mkono wako unamheshimu.

Jirani na hapo kuna nyayo za watu wa kale kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, pamezungushiwa uzio. Zaidi ya 400. Mkazi wa hapa ndiye aliyezionyesha kwa wataalamu, na wamekadiria zina miaka kati ya 5,760 na 19,100. Kuna kundi la watu 17 walipita pamoja kuelekea upande mmoja na uchunguzi unasema wengi wao, 14, walikuwa wanawake. Mdogo wangu akaweka mguu wake hewani juu ya unyayo mmoja bila kugusa, ukalingana. Nikawafikiria wamama wa hapa wanaopita asubuhi na madumu kwenda kijitoni, wanapita kundi hivyohivyo.

Siku ya tano, mazungumzo na kuondoka

Asubuhi kabla ya kuondoka tulikaa na babu mmoja, jirani wa mwenyeji wetu. Shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, mmeliona ziwa? Tumeliona. Mmeliona limelala wapi? Sikuelewa, akafafanua: linalala mbali au linalala karibu. Kumbe wao wanapima hivyo, kwa umbali wa ukingo wa maji kutoka kwenye nyasi. Akasema mwaka huu limelala mbali kidogo, ndege wanapenda hivyo, ila macho yake yako kaskazini maana mto mkubwa ukibadilika huko kwa wenzetu, sisi tunaletewa tu matokeo.

Hilo ndilo linaloniumiza kichwa mpaka sasa. Natron iliingizwa mwaka 2001 kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ni vizuri, lakini mto unaolilisha unaanzia nchi nyingine, misitu ya juu ikikatwa unaleta matope, ukizuiwa kwa umeme au kilimo unaleta kidogo, na kumekuwa na mipango ya namna hiyo. Kwa upande wetu kulikuwa na mpango wa kiwanda cha kuvuna magadi tani 500,000 kwa mwaka, ulipigiwa kelele sana kati ya 2006 na 2008 mpaka kampuni ya kigeni iliyohusika ikajitoa. Mi siyo mtu wa kupinga kila kiwanda, magadi yanatengeneza kioo na sabuni na vijana wanataka kazi. Ila kiwanda cha namna hiyo kinanyonya maji ya chumvi ya ziwa na kinahitaji maji yasiyo na chumvi pia, na mnakumbuka nilichosema kuhusu sentimita chache. Chagua sehemu nyingine. Hawa ndege hawana nyingine.

Babu aliniuliza kwenu Dar mnatumia magadi? Nikamwambia kwenye maharage. Akacheka, bibi akaingia ndani akatoka na bonge lililofungwa kwenye kitambaa, mpelekee mama yako. Wao wanayaokota ukingoni, wanaweka kwenye ugoro, na mifugo wanalamba.

Siku ya sita, kurudi

Basi, usingizi, vumbi puani. Pale Chalinze simu ikapata mtandao mzuri nikawasiliana na kijana wetu. Anasema wanajua ndege wameanza kulalia kwa namna wanavyoruka, makundi yanakuja kunywa kijitoni kwa zamu na kurudi katikati moja kwa moja bila kutangatanga.

Nyumbani Tabata saa 4 usiku. Viatu vyangu vimeota ukoko mweupe, nimevisugua kwa maji ya kisima havitaki. Mama alifungua kile kitambaa, akavunja kipande kama punje ya mahindi, akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema haya makali mwanangu, ya Kariakoo yamechanganywa. Maharage ya kesho yake yaliiva kabla hata sijarudi kutoka dukani.

Ni siku ya kumi na moja tangu turudi. Jana kijana ametuma ujumbe wa sauti, upepo mwingi nyuma yake, anasema upande wa Kenya mawingu yamekuwa mazito siku tatu na Ewaso Ng'iro imeanza kubadilika rangi, ila ukingo bado haujasogea, babu anaenda kuangalia kila asubuhi. Nimehesabu kwenye kalenda, kama walianza kulalia tulipokuwa kule bado siku kama 15 hivi vifaranga waanze kutoka. Nimemwomba anitumie ujumbe ziwa likisogea, hata kama ni usiku.